Mwamba Mkubwa wa Bi Hilda

Bi Hilda Kocur alikuwa akimenya viazi vya Jumapili jikoni kwake. Kompyuta ilikuwa mezani kando ya beseni, na kila alipomaliza kiazi alifuta vidole kwenye aproni akaangalia kama miale ya chombo chake bado imeshika jiwe. Ilikuwa imeshika. Huko angani, ndani ya mchezo wa kompyuta, chombo chake cha kuchimbia, kinene na kizito kama kuku anayeatamia, kilikuwa kimetulia ubavuni mwa asteroidi kikiila taratibu. Kazi yenyewe haikutaka papara. Unaelekeza miale, unangoja tumbo la chombo lijae, unamwita mbebaji aje kupakua, unaanza upya. Mwanawe Mateusz, aliyemwachia kompyuta hiyo alipohamia Ujerumani, alimwambia kuwa katika mchezo huo watu hupigana vita na kuteka himaya nzima. Bi Hilda hakuwahi kumlenga mtu. Alichimba tu. Kwao Silesia, nchi ya makaa ya mawe, watu wamechimba tangu enzi za mababu, na yeye hakuona ajabu yoyote.

Mbebaji wake alikuwa Achim Wons, mzee wa ghorofa ya chini, ambaye ndiye aliyemfundisha mchezo. Achim alifanya kazi katika mgodi wa Filomena hadi mapafu yakajaa vumbi, na sasa hakuweza kupanda ngazi bila kuketi katikati. Angani aliendesha meli ya mizigo ndefu kama mtaa wao. Waliongea kwa vipokea sauti vya masikioni, ingawa mmoja angegonga sakafu kwa mpini wa ufagio mwenzake angesikia vilevile.

"Shemeji, umejaa?"

"Bado. Nina viazi."

"Viazi havikimbii. Kuna haramia ameonekana mfumo wa jirani."

"Mwache aje. Atakuta nimepika."

Masika yale wenye mchezo walitangaza kwamba wameongeza miamba mikubwa isiyo ya kawaida. Ilikuwa mikubwa kweli. Chombo cha Bi Hilda kando ya mwamba mmoja kilionekana kama inzi aliyetua kwenye jengo la kanisa. Wachezaji wengi waliitazama mara moja wakaiacha, kwa kuwa kuumaliza mwamba wa namna ile ni kazi ya miezi, na vijana hawana miezi. Bi Hilda alikuwa nayo. Alichagua mmoja mweusi pembezoni mwa ukanda wa miamba, uliokaa peke yake, akauelekezea miale asubuhi alipotoka misa, akauacha uliwe huku yeye akifua.

Siku chache baadaye alikuta vumbi jeusi juu ya kitambaa cha meza. Alilifuta. Lilirudi. Alipoteremka kwenye ghala chini ya nyumba kuchukua kabichi, akakuta makaa ya mawe yamejaa hadi dirishani, makaa mazuri yenye kung'aa, yasiyo na mawe wala udongo. Aliporudi juu alitazama skrini. Tumbo la chombo lilikuwa tupu.

"Achim, ulipakua?"

"Sijapakua. Nimekuta hamna kitu."

"Basi makaa yanashukia huku ghalani kwangu."

Achim alikohoa kwa muda. "Ya namna gani?"

"Kama ya Filomena. Yale ya tabaka la chini kabisa."

Majirani walipopata habari walikuja na ndoo. Walichotaka kujua ni kama yanaacha majivu mengi. Bi Hilda akasema machache, nao wakachota, kwa sababu tangu Filomena ifungwe makaa ya kununua yalikuwa yakitoka mbali na yalinuka. Padri naye alituma mtu na toroli.

Mwamba uliendelea kuliwa. Upande mmoja ulianza kubonyea, na katika ule mbonyeo Bi Hilda akaanza kusikia mlio wa kugonga. Aliusikia kwanza adhuhuri moja akipiga pasi. Kuligongwa mara tatu, kukawa kimya, kukagongwa tena mara tatu. Alidhani ni fundi wa mabomba. Alivua vipokea sauti, sauti ikakatika. Akavivaa, ikarudi.

"Achim," alisema, "na wewe unasikia?"

Kutoka ghorofa ya chini Bi Hilda alisikia kiti kikivutwa.

"Nasikia, shemeji. Ni wao."

Katika mtaa wao hapakuwa na haja ya kuuliza wao ni nani. Zamani, mwaka ambao Mateusz alianza shule, moto ulishika katika njia ya chini kabisa ya Filomena. Watu wengi walitoka. Watatu hawakutoka: Alojz Kocur mumewe Hilda, Zefel Gruca, na Bercik Pyka, aliyekuwa na miaka ishirini na sita na mke aliyemwoa miezi michache tu kabla. Mkurugenzi aliagiza njia ile izibwe kwa ukuta ili moto ukose hewa. Kikosi cha uokoaji kilibeba magunia ya jasi kikajenga. Kisha mkurugenzi akasimama mbele ya lango, kofia mkononi, akawaambia wake zao kwamba watu wale walikufa papo hapo mlipuko ulipotokea, hawakuhisi kitu, na kwamba njia imezibwa kwa usalama wa wengine wote. Achim alikuwa mmoja wa waliobeba magunia. Kila mtu mtaani alilijua hilo na kila mtu alijua kwamba kikosi kilisikia wakigonga nyuma ya ukuta. Walijua, wakaenda kanisani, wakakaa benchi moja. Bi Hilda hakumuuliza Achim kitu hata siku moja. Jumapili alimpelekea sahani ya nyama ya kukunja na kabichi nyekundu, naye Achim akairudisha sahani imeoshwa.

Sasa Bi Hilda alisukuma pasi kando.

"Lete chombo chako cha kuchimbia," alisema. "Meli ya mizigo haina kazi tena."

Walichimba wawili. Mlio ulizidi kuwa karibu, na wachezaji wachache waliopita pale waliondoka wakisema unawaharibia muziki. Na asubuhi moja, miale ilipopenya mahali palipokuwa pamebonyea sana, mlio ulikoma, sauti ya mwanamume ikaja, karibu kabisa, kama mtu anayeongea nyuma ya pazia.

"Heri ya Mungu. Kuna mtu?"

Bi Hilda alishika ukingo wa meza. "Yupo. Heri ya Mungu."

"Mama mkwe? Ni wewe?" sauti ilisema. "Samahani kwa usumbufu. Hilda yupo?"

Mama yake Bi Hilda alikuwa kaburini miaka mingi. Bi Hilda alitazama mikono yake juu ya kitambaa, mishipa yake na madoa yake, akaelewa ni sauti ya nani aliyosikia mumewe.

"Ni mimi, Alojz."

"Hilda! Mbona sauti hivyo? Umeshikwa na mafua?"

"Ndiyo. Mafua."

"Kunywa maziwa na asali, tena ulale, usifue. Sikiliza, tumekwama lakini hatujambo. Zefel ameumia mguu. Bercik analia, lakini usimwambie mkewe. Njiwa wangu umewalisha?"

Njiwa waliuzwa mwaka uleule wa moto. "Nimewalisha," alisema.

"Na yule mweupe?"

"Naye amekula."

"Vizuri. Basi waambie wenzangu waharakishe, hewa si nzuri. Tulikuwa tunawasikia upande wa pili, walikuwa wanatujibu. Sasa hawajibu. Nadhani wameenda kuchukua vifaa."

Kwenye vipokea sauti Achim alikuwa akipumua.

Walichimba hivyo siku baada ya siku, na Bi Hilda alipika, alifua, aliongea na mumewe. Alojz aliuliza mambo ya nyumbani ambayo hayakuwapo tena, naye alimjibu kana kwamba yapo. Mtoto amejifunza kusoma? Amejifunza. Ule ufa ukutani umezibwa? Umezibwa. Zefel alituma salamu kwa dada yake, na Bi Hilda alizipeleka makaburini, akazisema kwa sauti, akarudi. Tundu lilikua, lakini mwamba ulikuwa mgumu, na Alojz, ambaye kule ndani wakati haukusogea, aliendelea kusema kwamba wenzake bila shaka watafika kabla ya zamu kwisha.

Kisha likaja tangazo. Wenye mchezo waliandika kwamba miamba mikubwa inalemea mashine zao na itaondolewa yote kesho yake, kabla ya adhuhuri, wakati wa kuzima mitambo kwa matengenezo ya kila siku. Bi Hilda aliwaandikia. Alieleza kwa adabu kwamba katika mwamba wake kuna watu watatu, akawataja majina, akaomba wauache ule mmoja tu. Jibu lilikuja jioni hiyohiyo. Lilimshukuru kwa mapenzi yake kwa mchezo. Lilisema wamepokea maombi mengi yanayofanana na lake kutoka nchi mbalimbali na wanaelewa uchungu wake, lakini miamba lazima iondolewe kwa usalama wa wachezaji wengine wote.

Achim alisomewa jibu hilo. Akasema, "Hata maneno hawakubadilisha."

Asubuhi alipanda ngazi. Ilimchukua muda mrefu. Bi Hilda alimsikia akiketi, akikohoa, akiinuka. Aliingia na kompyuta yake kwapani, amevaa koti la sherehe la wachimbaji, jeusi lenye vifungo vya shaba, ingawa haikuwa sikukuu. Akaketi kando yake mezani.

"Nisogezee hicho kikombe, shemeji. Twende kazi."

Waliweka miale yote mahali pamoja. Kwenye skrini tundu lilipanuka polepole, likawa kama sahani, likawa kama dirisha la choo. Alojz alikuwa akiwaongoza kutoka ndani. "Juu kidogo. Hapo. Sasa kushoto. Bercik ni mwembamba, tunajaribu kumsukuma yeye kwanza. Bercik, vua koti! Vua na mkanda! Zefel, mshike miguu!"

Kulikuwa na kukwaruza kwingi na matusi kidogo. Kisha chini ya nyumba makaa yaliporomoka, na baada ya muda hatua za mtu zikasikika kwenye ngazi. Mlango ukabishwa kwa adabu.

Bi Hilda alifungua. Kijana alisimama pale, mweusi tii isipokuwa macho, kifua wazi, ana mchubuko begani.

"Heri ya Mungu, mama. Nivue buti?"

"Ingia na buti. Kaa."

"Kaka Alojz anasema mpanue upande wa kushoto, mabega yake hayapiti. Amekwama hapa." Bercik aligusa kifua chake mwenyewe. "Amesema msihangaike, kazi imebaki ndogo."

Akaketi kwenye kigoda karibu na jiko. Hapo ndipo alipomwona Achim vizuri, akamtazama kwa muda.

"Wewe ndiye uliyekuwa upande wa pili," alisema. "Nimekujua kwa kikohozi."

"Ndiyo," Achim alisema, macho kwenye skrini.

"Mwanzo ulikuwa unatujibu."

"Nilijibu."

"Kisha ukaacha."

"Niliambiwa niache. Walisema ni mwamba tu unaolia ukitulia."

Bercik aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la jambo dogo lililokuwa likimsumbua. "Zefel naye alisema hivyohivyo. Alisema, labda wanadhani ni mwamba."

"Hilda," Alojz aliita. "Kushoto. Kushoto kidogo tu, mke wangu, nakaribia ku..."

Skrini ikawa nyeusi. Katikati yakaandikwa maneno kwamba mitambo imezimwa kwa matengenezo na kwamba wachezaji wanaombwa kuvumilia.

Walivumilia. Mitambo ilipowashwa tena, vyombo vyao viwili vilikuwa vimesimama katika anga tupu, miale imezimika, na mbali kidogo kulikuwa na mawe madogo ya kawaida yanayozunguka taratibu. Bi Hilda aliteremka kwenye ghala na tochi. Akakuta makaa, na nyuma ya makaa ukuta wa matofali wa nyumba, mzima, mkavu. Aliweka sikio pale. Alisimama hivyo hadi mgongo ukamuuma, kisha akapanda kwenda kumpashia Bercik maji ya kuoga.

Bercik alikula nyama ya kukunja na matonge ya viazi, akaomba tena, akaongezewa. Alivaa suruali ya Mateusz akaenda kwa mkewe Łucja, ambaye sasa alikuwa na nywele za mvi na mume mwingine, dereva wa tramu. Walimkaribisha vizuri. Yule mume alimpa mkono. Łucja alimtazama kijana wa miaka ishirini na sita aliyekuwa mumewe akasema, "Umekonda," akamfungia keki katika karatasi aondoke nayo. Barabarani Bercik aliila yote akiwa amesimama.

Wiki iliyofuata Bi Hilda alimpeleka katika ofisi iliyorithi mambo ya Filomena. Mwanamke mmoja mpole aliwapa viti na chai. Bercik alisimulia: jinsi walivyokaa nyuma ya ukuta, jinsi walivyogonga, jinsi walivyogawana maji ya chupa moja na jinsi Alojz alivyowaimbia. Mwanamke alisikiliza hadi mwisho, macho yamemlowa.

"Nawaamini," alisema. "Lakini kumbukumbu zinasema wote watatu walikufa papo hapo. Ili zibadilishwe anahitajika shahidi aliyekuwepo nyuma ya ukuta."

"Mimi nilikuwepo," Bercik alisema.

"Najua, ndugu yangu. Ila wewe ni marehemu."

"Basi bomoeni ukuta," Bi Hilda alisema. "Mume wangu amekwama mabega tu. Kazi imebaki ndogo."

Mwanamke alieleza kwamba njia za juu sasa ni makumbusho, zinatembelewa na watu kutoka kila nchi, na kwamba ukuta ule umesajiliwa kuwa ni urithi. Hauwezi kuguswa na nyundo. Bango la shaba lenye jina la mkurugenzi wa zamani limewekwa pembeni yake, kwa kuwa ndiye aliyeuokoa mgodi. Halafu, akitaka kusaidia, aliuliza kama kijana ana kazi.

Hakuwa nayo. Marehemu hapati kazi kirahisi. Makumbusho yalimchukua kwa furaha, maana alizijua njia zile kuliko mtu yeyote, alikuwa na sura nzuri, na nguo za mchimbaji zilimkaa bila kuonekana kama za kuazima. Alipewa maneno ya kusema, akayashika kwa moyo.

Achim hakuwasha mchezo tena. Alikufa vuli ile, kitandani kwake, na wapiga tarumbeta wa mgodi walimsindikiza wakiwa na kofia zao za manyoya meusi. Bercik alibeba jeneza upande wa mbele. Majirani waliendelea kuchota makaa ya Bi Hilda hadi yakaisha.

Siku ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, Bi Hilda alivaa koti lake zuri akakata tiketi kama watu wengine. Kundi lilikuwa na wastaafu wa Kicheki na familia moja yenye watoto. Bercik aliwateremsha, akawaonyesha stoo ya taa na farasi wa plastiki, mfano wa wale waliovuta mabehewa ya makaa, akawatania wanene wainamishe vichwa na matumbo. Walicheka. Alikuwa mzuri katika kazi yake. Alimwona Bi Hilda nyuma ya kundi, akamwamkia kwa macho.

Walifika ukutani. Bercik alivua kofia, kama alivyofundishwa, wageni nao wakavua.

"Nyuma ya ukuta huu wamelala wachimbaji watatu," alisema kwa sauti yake ya kijana, "Alojz Kocur, Zefel Gruca na Bercik Pyka. Walikufa papo hapo. Hawakuteseka. Ukuta huu ulijengwa ili kuokoa maisha ya wengine. Tunyamaze kidogo kwa heshima yao."

Walinyamaza. Bi Hilda alinyamaza zaidi ya wote, sikio amelielekeza ukutani, na mtoto mmoja aliponong'ona alimtazama hadi akaacha. Kimya kilipokwisha Bercik alivaa kofia. Mama mmoja aliomba kupiga picha naye, akasimama, akatabasamu.

Waliporudi kwenye lifti aliwapanga ndani bega kwa bega, akafunga kizuizi cha chuma. Kulikuwa na sharti moja la mwisho, alisema, sharti la zamani la wachimbaji, na mashine haipandi mpaka litimizwe. Ataita, nao wote wajibu kwa pamoja.

"Kuna aliyebaki chini?" Bercik aliita.

"Hakuna!" wageni wakajibu, watoto kwa sauti kubwa zaidi.

Lifti haikwenda. Bercik alitazama juu ya vichwa vyao, kule nyuma.

"Sijasikia wote," alisema polepole. "Kuna aliyebaki chini?"

Wastaafu waligeuka kumtazama yule bibi mwenye koti zuri. Baridi ilikuwa kali na watoto walikuwa na njaa.

"Hakuna," alisema Bi Hilda.

Lifti ikapanda.